Safisha Yote, Usikate

Mama yangu alisema neno moja, "nisafishie", na kwa neno hilo akafutwa kwenye picha na kijana mwenye adabu zake zote. Nitaeleza ilivyokuwa, na nitaeleza kwa hasira, kwa sababu sijapoa na sioni kwa nini nipoe.

Watu wa umri wa mama hawasemi kuchapisha picha. Enzi zao ulipiga picha, filamu ikajaa, ukaipeleka studio ikasafishwe, kisha ukarudi kuchukua picha zako kwenye bahasha. Kusafisha picha ndiko kuipata. Kwa hiyo alipoingia kwenye studio iliyo karibu na kituo cha mafuta, ameshika picha yake moja ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki, akamwambia fundi wa kompyuta, "Mwanangu, nisafishie hii, iwe kubwa," alikuwa anaomba nakala, basi. Fundi akamuuliza, "Nisafishe yote, mama?" Mama akajibu, "Safisha yote, usikate." Aliogopa mashine isije ikamkata, maana kwenye picha ile alikuwa karibu na ukingo.

Picha yenyewe ilikuwa ya bendi. Wanaume sita jukwaani, mashati meupe, suruali pana za kufagia sakafu. Marehemu baba yuko mbele kushoto na gita lake. Nyuma ya bega la baba unaona nusu ya uso wa msichana aliyefumba macho, mdomo uko wazi mbele ya maikrofoni. Msichana huyo ni mama. Hapo anaimba wimbo wa taa, ule ambao mpaka leo redio ikiupiga, watu wazima wanaacha kula wanatikisa kichwa. Sauti ile nyembamba inayopanda kwenye kiitikio, inayokufanya usahau ulichokuwa unasema, ni ya mama yangu.

Ila ukimuuliza mtu mtaani atakwambia wimbo ni wa Wale Sita. Ndivyo walivyoitwa kwenye santuri, ndivyo redio ilivyowaita, na sita walikuwa wanaume. Mama aliimba nao mpaka nilipozaliwa mimi. Wakamwambia apumzike kidogo alee. Kupumzika kidogo kukawa kupumzika moja kwa moja, na mahali pake hapakuwekwa mtu wala jina. Baba naye, Mungu amrehemu, hakusema kitu. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa wa kimya, na kimya kile kilimfaa kila mtu isipokuwa mkewe.

Kwa nini picha ilihitajika sasa? Kwa sababu kamati ilikuwa imeandaa tamasha la kumbukumbu ya Wale Sita, mchana kweupe, kwenye ukumbi mkubwa, na bendi ya vijana itakayopiga nyimbo zao zote. Waanzilishi walio hai wangekaa jukwaani kwenye viti vya heshima, watangazwe na kupigiwa makofi. Familia za marehemu zingekaa chini, safu ya kwanza, nyuma ya utepe. Mama aliandikiwa utepe. Nilipokwenda kwenye kamati kuwaambia kwamba mama yangu si mjane tu, ni mwimbaji, wakanisikiliza kwa upole ule wa kumsikiliza mtu anayedai nyumba ya jirani. Mwenyekiti wao alikuwa mpiga ngoma wa bendi, yeye mwenyewe mmoja wa sita, tunayemwita Baba Mdogo kwa heshima na Fimbo Mbili kwa umaarufu.

"Mwanangu," akaniambia, "kumbukumbu za wazee zimechoka. Mimi sikumbuki mwanamke jukwaani. Tuleteeni ushahidi, hata picha."

Hakumbuki. Mtu aliyekula kwa mama yangu miaka nenda miaka rudi, akimwita shemeji, akisifia mkono wake, hakumbuki. Na mimi najua kwa nini. Katika kila mahojiano aliyofanya tangu wenzake walipoanza kufa, akiulizwa ile sauti nyembamba ni ya nani, hutabasamu na kusema, "Enzi zetu mwanamume aliweza kuimba juu hivyo." Hasemi ni yake. Anakuacha useme mwenyewe. Mwanzilishi mwingine aliye hai ni mpiga tarumbeta, na huyo maskini siku hizi hajui hata jina la mwanawe, kwa hiyo hawezi kumsaidia mtu wala kumsuta mtu.

Basi tukasema, mnataka picha, picha mtapata. Ilikuwa moja tu duniani. Mama aliitoa chini ya shuka kabatini, akaipeleka studio mwenyewe. Akaandikisha namba ya simu ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu, kwa kuwa simu yake yeye mama huikuta imezima kila anapoihitaji. Fundi angeikuza na kuituma moja kwa moja kwa kamati, ambao walitaka kuitia kwenye bango la jukwaani.

Siku ya kuichukua nilimsindikiza. Mimi nina duka la vipuri vya pikipiki, na sauti yangu imezoea kushindana na injini. Mama alinisihi mlangoni nisigombane na mtu. Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu, kiti cha kupigia picha za pasi, na kompyuta mbili zinazovuma. Fundi akatugeuzia fremu kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto.

"Mama, utaipenda."

Mama akavaa miwani. Akaangalia. Akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Kisha akasema taratibu sana, "Mwanangu, na mimi umeniweka wapi?"

Fundi akacheka kidogo, akidhani ni utani wa wazee. Mimi nikaichukua ile fremu. Mashati yalikuwa meupe kuliko yalivyokuwa siku yenyewe. Madoa yote yameondoka. Nyuma ya bega la baba kulikuwa na ukuta.

"Hapa palikuwa na mtu," nikasema.

"Ah, yule," akasema, na uso wake ukang'aa. "Yule nimemsafisha, dada. Alikuwa anaharibu picha. Uso nusu, macho amefumba. Na ukuta nimeujenga upya, hebu angalia vizuri. Huwezi kujua kama palikuwa na mtu."

Nikamwambia arudishe. Akasema hawezi, alifanya kazi juu ya ile ile, kompyuta zimejaa na tajiri wake hataki waweke picha mbilimbili. Nikamuuliza karatasi yenyewe iko wapi. Akaanza kujikuna shingo. Iliganda kwenye kioo cha mashine, ikachanika wakati wa kuibandua, na kwa kuwa ilikuwa imechakaa na mpya imetoka nzuri, waliitupa. Gari la taka lilikuwa limeshapita.

"Umetupa," nikasema. "Picha ya watu. Umeitupa."

"Mwanangu, mwache," mama akasema. "Hana kosa. Mimi ndiye niliyemwambia asafishe yote." Halafu akamgeukia yule kijana, na hili ndilo lililonichoma kuliko yote, akamwambia, "Samahani, baba, tumekusumbua."

Mama yangu ni mtu wa kuomba radhi hata kwa kiti alichokigonga. Amefutwa, na anamwomba radhi aliyemfuta. Nilitamani kulia na kumpiga mtu kwa wakati mmoja, na kwa kuwa siwezi kufanya yote mawili nikapiga meza ya watu.

Pengine ningenyamaza pale tungeondoka na maumivu ya aina moja. Lakini kwa kishindo kile fundi akaogopa, akaanza kujitetea.

"Dada, mimi sikumtoa kwa kichwa changu. Niliuliza. Ona mwenyewe."

Akanyoosha simu. Ilikuwa ile picha, nzima, ndogo kama stempu, na uso wa mama umezungushiwa duara jekundu. Hata nilipoikuza ilikuwa ukungu mtupu, haitoshi kumtambulisha mtu kwa asiyemjua. Chini yake ameandika: Huyu wa nyuma nimtoe? Chini ya hapo jibu, neno moja: Toa.

Namba ilikuwa ya mdogo wangu.

Nilitaka kuifunika ile simu kwa kiganja, lakini mama alikuwa na miwani yake machoni na alikuwa ameshasoma. Aliomba apewe mfuko wa kubebea fremu, akapewa, tukaondoka.

Jioni ile kitinda mimba alikuja kwa mama akitoka kazini, na tai yake shingoni, bila kujua kinachomsubiri. Yeye ni mtu wa ofisi yenye kiyoyozi. Si mtoto mbaya, na nasema hivyo nikiwa bado na hasira naye. Nikamweka fremu mapajani.

"Nani hayupo?"

Akaangalia, akaangalia tena. "Wote sita wapo," akasema.

"Fundi alikuuliza amtoe nani?"

"Kuna mtu alikuwa nyuma pale. Dada, nilikuwa kwenye kikao. Nilidhani ni shabiki amepanda jukwaani."

Mama alikuwa anamimina chai. Hakusitisha mkono. "Shabiki," akasema, kama mtu anayejaribu nguo ya mwenzake. Mdogo wangu akamtazama mama, akanitazama mimi, kisha nikaona inamwingia. Ilimwingia polepole, na ilipofika mwisho akaweka fremu chini na kujishika kichwa.

"Mama, sikukujua."

"Nilikuwa mwembamba wakati ule," mama akasema. "Kunywa chai yako."

Watu husema asiyekujua hakuthamini, na mimi huwa naukubali msemo huo. Lakini huyu alilala tumboni mwake, akalala mgongoni mwake, akaimbiwa na sauti ile ile usiku na mchana mpaka akaota meno. Nilimwambia yote hayo na mengine ambayo sitayarudia. Lakini alipopata akili ya kukumbuka mambo, mama alikuwa ameshaacha hata kuimba akifua. Kwake mama alikuwa mama: sufuria, maombi, na je, umekula? Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kulikuwa na mtu mwingine kabla ya sufuria.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda kwa kamati kuwasihi wasitumie picha ile. Aliambiwa bango limeshatengenezwa na limeshalipiwa. Fimbo Mbili alimpokea kwa ukarimu, akamshika bega. "Mwanangu, mlileta picha wenyewe," akasema. "Na picha inaonyesha sita."

Siku ya tamasha nilidhani mama hataenda. Alivaa gauni lake la kijani, akajipaka mafuta mikononi, akasema amealikwa na haendi kugombana. Tukakaa nyuma ya utepe, yeye katikati, mimi kulia na kitinda mimba kushoto. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kando ya kuta. Jukwaani viti viwili vyekundu vya mikono: kimoja amekalia mpiga tarumbeta, anatabasamia taa, na kingine Fimbo Mbili, na suti yake na fimbo zake za ngoma mfukoni kama kalamu.

Bango likafunuliwa. Lilikuwa refu kuliko nyumba ya mama. Baba alikuwa mkubwa hivi kwamba vifungo vya shati lake vilikuwa sawa na sahani. Watu wakapiga makofi. Ndipo mama akanishika goti.

"Unaona?" akaninong'oneza.

"Naona nini?"

"Kwenye mti wa maikrofoni. Angalia chini kidogo."

Nikaangalia. Kwenye fremu ya nyumbani kilikuwa kitu kidogo kisichoonekana, lakini pale kilikuwa na ukubwa wa mtu mzima. Fundi wetu hodari alikuwa ametoa uso, bega, na gauni, akajenga ukuta wake mzuri, akasahau vidole. Vidole vinne vimeshika mti wa maikrofoni, havina mkono, havina mtu.

Sijui ni kitu gani hutokea ndani ya mtu aliyevumilia muda wote huo. Kimya kingi kina mshindo, wanasema, lakini mshindo wenyewe haukuwa kelele. Mshereheshaji alikuwa anawaita wajane mmoja mmoja wapande wapokee maua na kusema neno la shukrani. Alipoitwa mama, "mke wa marehemu mpiga gita wetu", alipanda zile ngazi akiinua gauni kidogo. Alipokea maua. Akayaweka chini. Akashika maikrofoni, na nikatambua kwamba sijawahi kumwona mama yangu ameshika maikrofoni, na kwamba mkono wake ulijua pa kushika.

"Nashukuru," akasema. "Nina neno moja. Hivyo vidole vinne pale juu ni vyangu."

Watu wakageuza shingo kwenye bango. Mnong'ono ukaanza nyuma ukaja mbele.

"Mimi ndiye niliyekuwa nasimama pale. Wimbo wa taa, kiitikio, ni mimi. Nimetolewa kwenye picha hii kwa bahati mbaya, na nilikuwa nimetolewa zamani si kwa bahati mbaya."

Mshereheshaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye viatu vinavyometa, na kazi yake ni kuhakikisha mambo hayanuni. Akacheka, akamzunguka mama, akawaambia watu, "Jamani, mambo si hayo! Basi mama, tuimbie kidogo tu, mistari miwili, ili tuamini. Au vipi, wapenzi?"

Ukumbi ukaitikia kwamba aimbe. Bendi ya vijana ikaanza kugusa gita. Mimi mwenyewe, nakiri, nilitaka aimbe. Nilitaka awanyamazishe kwa ile sauti.

Mama akamtazama mshereheshaji mpaka gita likaacha lenyewe.

"Hawa wawili waliokaa hapa," akasema, "nani aliambiwa apige kwanza ndipo apewe kiti?"

Mpiga tarumbeta aliendelea kutabasamia taa.

"Shemeji hapa ametoa fimbo mfukoni mkaona? Mmempa kiti, mmempa maji, hamkumwomba hata apige meza. Mimi niimbe, mnipime, mkiridhika ndio niwe nilikuwepo? Nilikwishaimba. Mnaisikia sauti yangu redioni kila wiki. Siimbi."

Hapo Fimbo Mbili akasimama. Labda aliona wakati umefika wa kuwa muungwana mbele za watu. Akaja mbele, akainua mkono, akaazima maikrofoni ya mshereheshaji. "Ndugu zangu," akasema, "sasa ninapomtazama shemeji, naanza kukumbuka. Naweza kumshuhudia kwamba kweli alikuwa..."

"Usinishuhudie, shemeji," mama akasema. "Nilikuhitaji kwenye kamati. Leo nimejishuhudia."

Akarudisha maikrofoni kwenye mti wake, akatembea mpaka kwenye kile kiti chekundu kilichobaki wazi, akakaa. Akapanga gauni magotini. Mpiga tarumbeta akageuka kumtazama, akampa mkono, sijui alimdhani nani, na mama akaupokea. Nyuma ukumbini mwanamke mmoja akaanza kupiga makofi peke yake, kisha wakawa wengi, kisha sikusikia kingine. Kitinda mimba alikuwa amesimama juu ya kiti cha watu na viatu vyake vya ofisini, analia bila kujificha.

Mshereheshaji hana ugomvi na makofi. Akawaashiria vijana waanze kupiga, akamshika Fimbo Mbili kiwiko kwa heshima zote na kumteremsha ngazi, maana jukwaani hapakuwa na kiti cha tatu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mzee alishuka bila ubishi, akaja taratibu kwenye safu yetu, ambako nafasi ya mama ilikuwa wazi. Binti wa kamati aliyekuwa analinda utepe, mwenye beji shingoni na asiyezijua sura za bendi za zamani, akamzuia kwa mkono.

"Samahani, mzee. Hapa ni pa familia za marehemu tu. Wewe ni nani?"

Fimbo Mbili akafungua mdomo. Muziki ulikuwa umeshapanda, hasikiki. Akanitazama mimi, akanionyesha kwa kidole, ili yule binti aniulize mimi kama namfahamu. Binti akanigeukia, akainua nyusi.

Nikaendelea kutazama jukwaani.